Masika ya Nyimbo za Mbali

Katesh, 3 Machi 2025

Mvua imeanza leo saa sita mchana, na saa saba Baltazar akaniita ofisini kwake. Huyu ni meneja wetu mpya wa kituo, alikuja Januari. Aliniambia nikae, akafunga dirisha kwa sababu maji yalikuwa yanaingia, kisha akasema bila kuzunguka kwamba bodi inataka kukifuta kipindi changu.

Kipindi chenyewe ni "Nyimbo za Mbali", kila Alhamisi saa nane mpaka saa tisa mchana. Nimekitangaza miaka sita. Napiga muziki wa Mali, wa Brazil, wa Bulgaria, wa Wamongolia wanaoimba kwa koo. Mkoani hapa sijasikia redio nyingine inayofanya hivyo, na mimi niliona hiyo ni sifa. Baltazar aliweka karatasi mezani. Desemba kituo kilipeleka watu vijijini kuuliza wananchi wanasikiliza nini. Waliulizwa watu mia nne. Waliosema wanasikiliza "Nyimbo za Mbali" ni tisa.

"Mama Brightness, redio hii ni ya umma," akasema. "Na umma wako ni watu tisa."

Bodi inakaa tarehe 30 Mei. Saa yangu wanataka kuipa bei za mazao na hali ya hewa. Nilimwambia nitaleta jibu kabla ya siku hiyo. Akasema sawa, nafasi hiyo ananipa, ila asinifiche: yeye mwenyewe anakubaliana na bodi.

Naandika haya ili nisije nikasahau jinsi nilivyokasirika.

6 Machi

Alhamisi. Nimepiga Mali saa nzima. Hakuna aliyepiga simu.

9 Machi

Nimeandika barua ya kurasa nne kwa bodi. Nimesema redio ya umma si duka, haiuzi kile tu kinachonunuliwa. Nimesema mkulima wa Tlawi, nilikozaliwa, ana haki ya kuisikia dunia sawa na mtu wa Dar es Salaam. Nimesema tukipiga vya kwetu tu, watoto watadhani dunia inaishia Babati.

Nikampa Judith asome. Judith anasoma taarifa ya habari, tumetumia meza moja miaka mitano. Akasema barua ni nzuri. Halafu akaikunja vizuri, akasema kuna jambo alitakiwa kuniambia zamani. Alhamisi saa nane ikifika, yeye hupunguza sauti ya redio pale chumba cha habari.

Nikamuuliza kwa nini.

"Unaongea kama mwalimu anayesahihisha madaftari," akasema. "Unatuambia wimbo ulirekodiwa mwaka gani, nchi ina watu wangapi. Hujawahi kutuambia kwa nini wewe unaupenda."

Nimerudi nyumbani kwa miguu katika mvua.

10 Machi

Sikusema na Judith leo. Ni utoto, najua.

15 Machi

Nimekwenda Endasak kwa bodaboda kutafuta wasikilizaji. Tope mpaka kwenye ekseli, mara mbili nilishuka tukasukuma. Nimeingia nyumba kumi na nne. Kwenye tatu walinijua kwa sauti, wakafurahi, wakanipa chai. Wote watatu walinijua kwa matangazo ya misiba.

22 Machi

Gitting. Nimekutana na dada mmoja anaitwa Benedikta, mjane, analima mahindi na maharage kwenye mteremko unaotazama bonde la Balangida. Alikuwa anapalilia, redio ameitundika kwenye mti mwishoni mwa shamba. Nikasema moyoni, huyu hapa. Tukasalimiana, nikajitambulisha, nikamuuliza Alhamisi saa nane anafanya nini.

Akasema wazi kwamba saa hiyo ndiyo anazima kutunza betri. Hakuwa na ubaya wowote aliposema hivyo. Alinisogezea kigoda, akaendelea na jembe lake. Nikamsaidia mstari mmoja wa maharage, nikamuuliza angependa kusikia nini. Akafikiri. Akasema hajui, lakini akisikia mtu anaimba kwa lugha asiyoielewa hupenda kujua yule mtu yuko katika kazi gani. Analima? Analia? Anabembeleza mtoto? "Wewe unasema tu mji wao mkuu," akasema.

Kisha akanionyesha chini bondeni, kwenye moshi wa maboma ya Wadatoga. Akasema huko ndiko kwa watu wa ng'ombe. Mwaka juzi mwezi wa tano ng'ombe walipanda mpaka hapa, wakala maharage yake yote usiku mmoja. Mwenye ng'ombe hajawahi hata kuja kusema pole. Uso wake ulibadilika akisema hayo. Mimi ni Mwiraqw kama yeye. Nimekua nikisikia maneno hayo nyumbani, nikaitikia kwa kichwa bila kufikiri.

27 Machi

Alhamisi. Nimepiga wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto kutoka Bulgaria. Kabla ya kuupiga nikasema nilimwimbia mwanangu Brightness alipokuwa na surua, ingawa sikujua maana ya neno hata moja, na alilala. Nikanyamaza, nikaacha uimbe.

Simu mbili. Ya kwanza alikosea namba.

Ya pili alikuwa mwanaume, sauti nzito, Kiswahili cha polepole. Hakusalimia. Akasema mwezi uliopita nilipiga wimbo wa mwanamke anayeita ng'ombe, na ng'ombe wake walipousikia waliinua vichwa. Anataka kujua ng'ombe wa yule mama wana rangi gani. Nikamwuliza ni wimbo gani. Simu ikakatika.

28 Machi

Nimekaa asubuhi nzima na orodha ya Februari. Hakuna wimbo wa ng'ombe. Mwisho nikazirudia nyimbo zote moja moja, mpaka nikafika kwenye wimbo wa mwanamke kutoka Norwei, hauna maneno, ni sauti tu inayopanda juu sana na kukatika. Siku ile nilisema ni "mfano wa uimbaji wa asili wa Ulaya ya Kaskazini". Leo nimetafuta vizuri. Ni mwito wa mifugo. Wanawake walipanda milimani na ng'ombe msimu wa joto, jioni wakawaita warudi.

Yule mzee aliusikia mara moja tu, akajua. Mimi niliutangaza, sikujua.

Nimeipata namba yake kwenye simu ya studio, nikampigia. Anaitwa Gidabuday.

5 Aprili

Nimeshuka bondeni. Kutoka Gitting bodaboda alikataa kuendelea, akasema njia inateleza. Nikavua viatu nikashuka kwa miguu saa mbili na nusu. Nikiwa mtoto niliambiwa mwanamke wa kwetu hashuki huku peke yake. Nilishuka.

Gidabuday ana miaka kama sabini. Redio ndogo inaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya ngozi. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia miguu yenye tope, akaniambia nimechelewa kula. Wake za wanawe wakaniletea maziwa na ugali. Hapo ndipo akaniuliza tena rangi ya wale ng'ombe.

Nikasema sijui. Nikaona aibu kuliko ile ya ofisini kwa Baltazar.

Akasema si vibaya. Lakini mtu anayeita ng'ombe namna ile anawajua mmoja mmoja, sauti ile haiiti kundi, inamwita anayetangulia. Akanieleza kwamba huwa anasikiliza kipindi changu kwa sababu saa nane ng'ombe wako kwenye maji na hana la kufanya. Maneno yangu mimi hayafuatilii, anasikiliza nyimbo. Ule wa wanaume wa Mongolia wenye koo mbili ameupenda. Kuna mmoja wa Brazil anauona ni wa watu wavivu.

Nikamwomba niwashe kinasa sauti, arudie. Akakubali. Halafu bila kuombwa akaimba wimbo wa dume lake la ng'ombe, mrefu, macho ameyafumba. Nimesikiliza muziki wa nchi arobaini kwa miaka sita. Wa kilomita ishirini kutoka mezani kwangu sikuwa nimeusikia hata mara moja.

6 Aprili

Nimeichana ile barua ya kurasa nne.

7 Aprili

Nimemwandikia mama mmoja anayetangaza muziki kwenye redio ya umma huko Norwei. Jina lake nimelikuta kwenye maelezo ya wimbo. Nimemuuliza kwa Kiingereza changu: mwimbaji ni nani, na ng'ombe wake wana rangi gani.

10 Aprili

Alhamisi. Nimerusha sauti ya Gidabuday akieleza anachosikia kwenye nyimbo za watu, bila wimbo wake, ule nimeuweka. Simu nne. Mmoja kutoka Dongobesh alikasirika, akasema tunapoteza saa ya umma kwa mawazo ya mfugaji. Nikamwuliza yeye anausikiaje wimbo wa Brazil. Akasema si wa wavivu hata kidogo, ni wa mtu aliyechoka. Tukazungumza dakika nane.

16 Aprili

Jibu limekuja. Yule mama anasema hajawahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Mwimbaji anaitwa Gudrun, yuko hai, ana miaka themanini na moja. Yule mama alimpigia simu yeye mwenyewe. Ng'ombe walikuwa kumi na wanne, weupe wenye ubavu mwekundu. Aliyetangulia aliitwa Dagros, maana yake ni kama ua la mchana.

17 Aprili

Nimesoma jibu hewani na kuupiga wimbo tena, safari hii kwa jina la Gudrun. Gidabuday alipiga simu kabla haujaisha. Akasema ng'ombe haitwi ua. Kisha akasema, lakini ni wake.

Simu kumi na moja. Baltazar alikuwa amesimama mlangoni pa studio, mikono mfukoni.

20 Aprili

Pasaka. Mvua kutwa. Kanisani watu watatu wameniuliza habari za Dagros.

24 Aprili

Umeme umekatika saa nane na dakika tano. Jenereta limegoma. Alhamisi imepotea hivyo.

3 Mei

Nimepanda tena Gitting. Benedikta alinipokea vizuri, akanipa viazi, kisha akasema ana neno na mimi. Amesikia kwamba kipindi sasa ni cha watu wa ng'ombe. Nikamwambia ni cha kila mtu. Akasema si kila mtu aliyeliwa maharage.

Nikamwomba aseme hayo hayo kwenye kinasa sauti. Alishangaa, akadhani nitayakata. Nikamwambia nitayarusha yote. Akasema mambo mengine pia, kuhusu Gudrun. Anasema mwanamke anayekaa mlimani peke yake na ng'ombe kumi na wanne lazima alikuwa anaogopa, na ule mwito haukuwa wa ng'ombe peke yao, alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Yeye baada ya mume wake kufariki aliongea na mbuzi mwaka mzima.

8 Mei

Alhamisi. Nimerusha maneno ya Benedikta yote, na ya maharage pia. Gidabuday hakupiga simu leo. Nimekaa na hofu.

10 Mei

Gidabuday amepiga, si hewani. Akasema ng'ombe wale wa maharage hawakuwa wake, ni wa ukoo mwingine, na mwenye nao amekwisha kuambiwa. Hakueleza ameambiwa nini.

19 Mei

Yule mama wa Norwei ameandika. Anaandaa kipindi cha miito ya mifugo duniani, kitarushwa mwezi wa sita kwa nchi yao nzima. Anaomba wimbo wa Gidabuday. Anauhitaji kabla ya tarehe 26.

Nilikimbia na simu ofisini kwa Baltazar. Ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka. Akasema hapo bodi haina la kusema tena: kituo kidogo cha Hanang kinasikika Ulaya. Akaniambia nitume leo leo. Nikasema lazima nimuulize mzee kwanza.

21 Mei

Bondeni. Mvua zimepungua, njia inapitika. Nilimweleza Gidabuday kila kitu, nikiwa na uhakika atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Yule mama mwenye ng'ombe, ulipoupiga wimbo wake mara ya kwanza, ulimtaja jina?"

Nikasema hapana.

Akasema ndani ya wimbo wa dume lake kuna jina la kaka yake, marehemu. Dume lilikuwa la kaka yake. Akiimba hapa, kila anayesikia anajua ni nani anayetajwa, alikufa vipi, watoto wake ni kina nani. Huko atakuwa kelele nzuri tu. Nikamwambia tutalitaja jina, nitahakikisha. Akasema hilo si la kwake kuamua peke yake. Yuko shemeji yake, na wako vijana walio mbali wakichunga mifugo. Watarudi mwezi wa saba.

Nikamweleza habari za bodi. Nikamwambia wiki ijayo kipindi kinaweza kufa.

"Binti, nimeelewa," akasema. "Usinihimize."

24 Mei

Siku nzima nimepigana na nafsi yangu na bado sijamaliza, kwa hiyo naandika.

Baltazar alisema tutume. Hakusema kwa ubaya. Alisema mzee hajakataa, amesema asubiriwe, na ruhusa tutaipata Julai. Nani bondeni atasikiliza redio ya Norwei? Na kipindi kikifutwa tarehe 30, yule mzee mwenyewe atapata faida gani? Kila alilosema lilikuwa na akili. Alisema pia jambo lililonichoma: kwamba nimepigania kipindi masika yote, nisije nikakiua kwa heshima.

Nikarudi mezani. Niliandika barua pepe, nikaambatanisha wimbo. Ulikuwa pale, dakika sita na sekunde arobaini. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nikawakumbuka wale waimbaji wa Mali. Sijui majina yao. Nyimbo zao nimezipiga mara ngapi? Wengine labda wana kaka zao ndani ya zile nyimbo, labda mtu aliwaambia tutatuma tu, nani atasikia huko Hanang. Mimi ndiye niliyesikia. Miaka sita nimesikia, nikataja mji mkuu.

Nikaufuta wimbo kwenye ile barua. Nikaandika kwamba mwenyewe hajaruhusu, aulize tena Julai, na kama hawezi kusubiri tutaelewa. Nikatuma hiyo.

Nikaenda kumwambia Baltazar kabla sijaingiwa na woga. "Basi tarehe thelathini usinitegemee," akasema.

26 Mei

Norwei wamejibu. Kipindi chao hakiwezi kusubiri.

29 Mei

Alhamisi. Huenda ni ya mwisho. Nimepiga nyimbo tano, nimetaja jina la kila mwimbaji. Wa sita sikuupiga kwa sababu jina la mwimbaji sikulipata.

30 Mei

Bodi ni watu saba. Mwenyekiti ni Mwalimu Qamara, amestaafu ukuu wa shule, mtu wa haki na mkavu. Aliniuliza mkulima wa Tlawi anafaidika nini na ng'ombe wa Norwei.

Masika yalipoanza ningempa kurasa nne. Leo niliwasha kinasa sauti. Ilikuwa sauti ya Benedikta, niliirekodi juzi. Anasema: "Sijawasamehe watu wa bondeni. Mwenye ng'ombe alikuja wiki iliyopita kusema pole, nimemsikia, nitafikiri. Lakini Alhamisi siwezi kuzima, nataka kujua yule mzee atasema nini, nimpinge."

Mjumbe mmoja akasema amesikia kituo kilipata nafasi ya kusikika Ulaya, kikaiacha. Akataka kujua ni nani aliyezembea. Nilifungua mdomo, lakini Baltazar akasimama.

Akasema si uzembe. Yeye alitaka wimbo utumwe bila ruhusa, mimi nikakataa, na amekaa siku sita akifikiri, akaona alikosea yeye. Akatoa daftari. Wiki hizo, kumbe, Alhamisi nyingi saa nane alikuwa anatoka kuzunguka madukani na mashambani kuona ni redio ngapi zimewashwa kwetu. Akawasomea. Si nyingi. Alisema hivyo hivyo, si nyingi. Lakini Machi alikuta mbili, jana amekuta thelathini na nne, na mahali pengine watu walikuwa wanabishana.

Walipiga kura. Wanne kwa watatu. Kipindi kinabaki mpaka Desemba, kisha watakiangalia tena. Safari za vijijini nijitegemee. Mwalimu Qamara alipiga kura ya kupinga na akaniambia usoni, mlangoni, kwamba bado haoni faida yake, ila atasikiliza ili apate sababu. Nikamwambia shikamoo mwalimu, na namba ya simu anayo.

Nilitaka kumshukuru Baltazar. Akasema ana kazi nyingi.

2 Juni

Jua kali. Gidabuday ametuma ujumbe kupitia mwenye duka wa Gitting: shemeji yake anataka kwanza kusikia ule wimbo nilivyourekodi, ajue kama jina limesikika vizuri. Nitashuka Jumamosi.

5 Juni

Alhamisi. Watu wameanza kung'oa maharage. Nimepiga wimbo wa wanaume wa Georgia wanaovuna, sauti tatu, wanakwenda polepole kama wanabeba jiwe. Nimetaja majina yao wote.

Simu ya kwanza ilitoka Endasak, mzee anaitwa Yoakimu, yuko shambani, upepo unasikika. Akasema wimbo ni mzuri lakini kwa mwendo ule mvua itawakuta na mazao nje. Akaniuliza kama naweza kuwafikishia ujumbe. Nikasema naweza kujaribu. Akasema basi wasikilize jinsi sisi tulivyokuwa tunafanya kazi ya pamoja, enzi za baba yake, akawaita walio karibu naye shambani waje kuitikia.

Wakaanza. Saa tisa kasoro dakika moja walikuwa bado hawajafika kiitikio cha pili. Sikuwakata.